Nilimpima Mchumba Wangu Kama Ninavyopima Rilei

Bi Mwanne mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla Ijumaa haijafika, maana Ijumaa ndiyo siku ninayotakiwa kutoa jibu kazini, na kila nikitaka kulisema namwona mtu mmoja amekaa barazani kwetu na kikombe cha kahawa mkononi, naahirisha. Majina yetu ya kweli usiyachape gazetini, mimi niite Najiat. Nimezaliwa hapa hapa Tabora, Gongoni, baba yangu Mzee Mabruki anashona kanzu, na babu wa babu yangu aliingia mji huu na msafara kutoka Umanyema akiwa na mzigo begani, akachoka, akaoa, akabaki, na sisi ndio tuliobaki naye.

Mimi ni mhandisi wa umeme, lakini si wale wa kupanda nguzo ambao watu wanawajua, mimi niko upande wa ulinzi. Katika kituo cha kupoza umeme kuna chumba cha makabati, na ndani ya makabati kuna vyombo vinavyoitwa rilei, ambavyo kazi yake ni kukesha. Tawi la mwembe likigusa waya kule njia ya Kwihara, au radi ikipiga nguzo, rilei inahisi, inaiamuru breka ikate laini ile mbovu peke yake kabla waya haujaua mtu na kabla transfoma haijaungua, na mji uliobaki unaendelea kula chakula chake bila kujua lolote. Ndiyo maana kazi yetu haina shukrani, Bi Mwanne, tukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, na mama mpaka leo akiulizwa mwanao anafanya nini anasema yuko umeme, basi.

Lakini naipenda kuliko ninavyoweza kuwaeleza watu wa nyumbani. Jua linapozama na adhana ya magharibi inasikika kutoka mjini, watu wanawasha taa na majiko, mimi nasimama mbele ya mita naona mshale unapanda polepole, na katika mshale ule nauona mji mzima, namwona Mama Tatu jirani yetu anawasha feni ya sebuleni, namwona baba anawasha taa ya cherehani, nawaona watu wa stesheni na wa sokoni na wa Isevya, wote wanaingia ndani ya mstari mmoja mwembamba, na nje transfoma inavuma kwa sauti yake ile ya chini, na mara nyingine nasahau kama nimesimama, nazifuata kwa mawazo laini zetu zinavyotoka mjini sambamba na njia ya zamani ya misafara, nguzo baada ya nguzo, mpaka zinazama kwenye miombo, na nafikiri babu yule alipita papo hapo akitafuta kwa macho moto wa kambi. Najua hayo si mawazo ya mhandisi. Ndiyo ninayokuwa nayo.

Aliyenifundisha kazi hii ni Injinia Viktori, mkubwa wetu, mtu wa Ulyankulu, mpole, asiyekosa misa. Siku yangu ya kwanza alinisimamisha mbele ya rilei ya zamani, ile yenye kisahani ndani ya kioo, akaniambia, "Dada Najiat, rilei ikinyamaza ina maana mbili. Ama mambo ni shwari, ama imekufa zamani na wewe hujui. Utajuaje?" Nikasema sijui. Akacheka. "Unaidanganya. Unailetea hitilafu ya uongo kwa mashine, halafu unatazama itafanya nini. Lakini kabla hujaidanganya itenge kwanza na breka, maana yenyewe haijui kama unaijaribu. Usipoitenga, itaamini uongo wako na kuwazimia watu umeme wa kweli." Hilo nimelifanya tangu hapo mpaka leo, kudanganya rilei, kutazama, kuandika, kwenda nyingine, na naona limeniingia damuni.

Sasa mwaka huu tumeletewa rilei za kidijitali, zinasemezana zenyewe kwa zenyewe kupitia waya mwembamba wa kioo, na sisi tunazitumia kwa mipangilio tuliyowekewa na wageni, tunabonyeza tulikoambiwa tubonyeze, kama mtoto wa chuoni anayesoma juzuu bila kujua maana yake. Ikatoka nafasi moja ya mafunzo nje ya nchi, miezi sita, huko wana chumba ambamo gridi nzima imewekwa ndani ya kompyuta, wanakuachia uiangushe, uone inavyoanguka, kisha uiinue, na uiangushe tena mpaka uelewe kila rilei ilifikiria nini. Injinia Viktori akapeleka jina langu na jina langu likakubaliwa. Bi Mwanne, tangu nisikie habari ya chumba hicho nimekuwa nikikiota nikiwa nimefumbua macho, napika nacho, natembea nacho sokoni, nimeshampita shangazi yangu njiani bila kumwamkia.

Na hapo ndipo anapoingia Nassibu, mchumba wangu. Nassibu anauza asali, anapanda treni kwenda Igalula na Tura, anaingia msituni kwa warina asali, anarudi na madumu na nta na nguo zinazonuka moshi, na ni mtu wa maneno machache kuliko wote niliowahi kuwaona. Nikimwambia nina zamu, sawa. Nikisema nikahi iwe Mfungo Sita baada ya maulidi, sawa. Nikisema nitaendelea na kazi nikiolewa, anatabasamu, sawa. Mwanzoni nilikuwa naipenda hiyo sawa yake, najilaza juu yake kama juu ya mkeka, lakini kadiri siku ya posa ilivyozidi kuwa mbali na nikahi ilivyokaribia, ikaanza kunitisha, nikawa najiuliza, huyu mtu ni shwari, au hakuna kitu ndani? Nitamwacha miezi sita, nitajuaje kama anakesha?

Basi alasiri moja amekaa barazani kwetu, mama yuko jikoni, nimempelekea kahawa, nikamwambia nimechaguliwa kwenda kusoma nje.

"Mashallah," akasema. "Muda gani?"

Ulimi wangu ukafanya kazi uliyoizoea. Nikasema, "Miaka mitatu. Na kuna mkataba, mtu haruhusiwi kuolewa mpaka amalize."

Nikamtazama. Nilitaka aruke, au anigombeze, au aseme nitakusubiri, chochote ambacho ningeweza kukisoma. Akanigeukia, akauliza, "Na wewe unataka kwenda?"

"Nataka sana," nikasema, na hilo peke yake ndilo lililokuwa kweli.

"Allah akufanyie wepesi." Akaweka kikombe chini, akamuaga mama dirishani kama kawaida yake, akaondoka, nami nikajiambia nitamweleza akija kesho, tucheke. Kesho hakuja. Aliyekuja, siku chache baadaye, ni Mzee Issa, mshenga wake, amevaa koti lile lile alilolivaa siku ya posa, akamkuta baba kwenye cherehani, akasema, nami nikasikia nikiwa nyuma ya pazia: "Mabruki ndugu yangu, kijana hana kinyongo na mtu. Anasema binti ana safari ndefu ya elimu, na yeye hataki awe jiwe njiani. Posa tunairudisha kwa heshima ile ile tuliyoileta nayo." Baba akauliza, "Safari gani?" maana nilikuwa sijamwambia, nilitaka Nassibu awe wa kwanza. Mzee Issa alipoondoka baba hakunigombeza, alisema tu, "Najiat, habari za nyumba yangu naletewa na mgeni?" na tangu hapo ananiitikia shikamoo yangu na hakuna zaidi.

Nassibu amekwenda msituni ng'ambo ya Tura, ni msimu wa asali, simu haipatikani. Watu wote wanaamini miaka mitatu. Wazo nililonalo ni kumwambia Injinia Viktori nimeghairi, nafasi apewe mwenzangu Valentino, halafu nieneze kwamba safari imevunjika, na uongo wangu utakufa wenyewe bila mtu kujua, Nassibu atarudi, tutaoana, na kile chumba nitakisahau. Nitakisahau, Bi Mwanne? Nikimwambia ukweli ataona nilimchezea kama chombo cha kazini, na atakuwa hajakosea. Nishauri, nampenda, na sijui nikamate kipi.

Ni mimi Najiat, Gongoni.

*

Najiat mwanangu, marahaba. Barua yako ilinikuta nachambua mchele, nikauacha kwenye ungo, kuku wa jirani wakafaidi. Kwa hiyo la kwanza ujue umeninyima chakula cha mchana.

La pili, pole. Nakupa pole ya kweli, maana naona unaumia, na mtu anayeuona mji mzima ndani ya mshale mmoja si mtu wa moyo mgumu. Nimesoma yale maneno yako ya magharibi mara kadhaa. Juzi taa yangu ilipowaka nilijikuta naitazama kama mjinga, najiuliza kuna nani mwisho wa waya huu anayenitazama. Nilifurahi kujua yupo.

Pole imekwisha, sasa kaa vizuri.

Wewe mtoto, nani alikuambia mtu anapimwa kwa uongo? Umeniandikia mwenyewe kwamba rilei inadanganywa kwa sababu ikinyamaza huna njia nyingine ya kujua. Sawa, ni chombo, hakina mdomo, hata ukikibembeleza kutwa hakitakwambia kama ni kizima. Nassibu ana mdomo! Ungemuuliza, "Nikienda miezi sita, moyo wako utakuwaje?" Ni swali jepesi, halihitaji mashine. Kaa naye tangu alasiri mpaka kahawa ipoe, atalijibu. Pengine atalijibu kwa maneno manne, lakini yatakuwa manne yake.

Na sasa nikuonyeshe kitu ambacho umekiandika kwa mkono wako na hukukiona. Umesema huyu kijana ni mtu wa sawa, sawa, huna hakika kama ndani kuna kitu. Siku ulipomletea hitilafu yako ya uongo, alifanya nini? Aliuliza. "Na wewe unataka kwenda?" Mwanamume anaambiwa ndoa yake imeahirishwa miaka mitatu, na swali linalomtoka si "na mimi je?" wala "watu watasemaje?" Anauliza wewe unataka nini. Ukamjibu kwamba unataka sana, akalichukua jibu lako akalifanyia kazi. Katika baraza ile, mwanangu, aliyeuliza ni yeye, na aliyenyamaza na jambo lake moyoni ni wewe. Umekuwa ukiogopa kimya cha mtu mwingine, kumbe kimya kilichovunja uchumba ni chako.

Tena mkubwa wako alikufundisha utenge kwanza ndipo udanganye. Wewe ulimdanganya mtu ambaye nyuma yake ameunganishwa na Mzee Issa, na baba yako, na mama yako jikoni, na posa, na jina la nyumba mbili. Aliamini, akakata, giza likawaingia wote. Wala usimlaumu kwamba alikuwa mwepesi mno. Alifanya anachofanya mtu mwenye heshima akiambiwa jambo na mtu anayemwamini.

Sasa nije kwenye hilo wazo lako, ambalo umelificha mwishoni ukitumaini nimechoka kusoma. Unataka kuyaacha mafunzo ili uongo ufe wenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, Najiat, lakini wewe umeamua kuirefusha kwa kuitandikia maisha yako. Utaolewa, ndiyo. Utakaa na Nassibu, na kila akikuona umesimama dirishani unatazama nguzo atakuuliza unawaza nini, na utamwambia hakuna. Miaka itapita, utamwona Valentino amerudi na elimu ile, wewe unabonyeza ulikoambiwa ubonyeze, na pole pole utaanza kumchukia mume wako kwa jambo ambalo hakukuomba. Hapana. Nimewaona wanawake wa namna hiyo, wengine walikuja kulia sebuleni kwangu, na hakuna hata mmoja aliyekisahau kile alichokiacha.

Na sisi wengine je? Umesema mwenyewe kwamba kazi yenu ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea. Mimi nataka kisichotokea hicho. Nataka mtu anayeilinda laini ya mtaani kwangu ajue kwa nini imekatika, asiwe anabahatisha. Yule mzazi ambaye mwanawe atapita chini ya waya uliolegea msimu wa mvua naye anataka hivyo, ingawa hatajua kamwe jina lako.

Kwa hiyo usingoje Ijumaa. Ukimaliza kusoma gazeti hili nenda kwa Injinia Viktori ukamwambie ndiyo. Usimweleze habari za uchumba, hazimhusu. Mwambie ndiyo, mshukuru, utie saini yako.

Ukitoka hapo nenda kwa baba. Mngoje aweke kanzu chini, usimsemeshe sindano ikiwa inakimbia. Mwambie yote, pamoja na uongo, na usimpeleke mama akutangulie. Baba yako hakuumia kwa sababu ya miaka mitatu, aliumia kwa sababu alisimamishwa mlangoni mwake kama mpita njia. Atakugombeza sasa, maana alikuwa bado, na wewe umpokee kwa adabu. Akimaliza kugombeza atakuuliza kuhusu mafunzo. Hapo ndipo umweleze ile habari ya mshale na taa ya cherehani yake, vile vile ulivyoniandikia mimi. Hajawahi kuisikia, na ni haki yake kuisikia.

Kisha mchukue shangazi yako, yule uliyempita njiani bila kumwamkia, umuombe radhi, mpande treni mshuke Tura. Mshenga muache kwake apumzike, uongo huu hukumtuma yeye kuupeleka na ukweli usimtume. Mngojeeni Nassibu huko huko anakoshushia madumu yake. Akitokea, mwache kwanza anawe, anywe maji, kisha mwambie hivi, shangazi akiwa pale pale: "Ni miezi sita. Hakuna mkataba. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa kukuuliza." Ukishasema hayo funga mdomo. Usimwambie ulikuwa unatania, maana hukuwa unatania. Usimweleze mambo ya rilei mpaka aulize mwenyewe. Na nakuapia, ukianza tena kumtazama usoni ili umsome, nitajua, nami nitakuja Gongoni kwa miguu yangu.

Unataka nikwambie atakusamehe. Sijui, mwanangu. Mtu mtulivu akidanganywa huumia ndani sana, na anaweza akahitaji muda mrefu kuliko treni inavyosimama pale stesheni. Akiomba muda, mpe wote anaoutaka. Akisema Mzee Issa avae tena lile koti, mrudi nyumbani mkamwachie mama yako vigelegele. Akisema hapana, usibishane naye, usimletee ndugu, mwambie umemwelewa.

Lakini jambo moja ulishike, maana naona katika barua nzima hujalifikiria hata kidogo. Yule kijana alikuwa na mchumba na tarehe ya nikahi, akaviweka chini vyote bila kelele, ili wewe uende ukasome. Uongo ulikuwa wako, lakini alichokitoa yeye kilikuwa cha kweli. Ukibaki Tabora, utakuwa umemnyang'anya hata hicho.

Kwa hiyo akikukataa, lia, kisha nenda kasome. Akikukubali, lia vilevile, kisha nenda kasome.

Bi Mwanne